Mguu wa Tatu wa Kasuku

Kitendawili!

Tega!

Akitembea ana miguu miwili, akipanda ana mitatu, na huo wa tatu umeota usoni.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Arusha? Haya, nimekwenda Arusha, nimekula nikashiba, nimerudi na jibu langu: kasuku. Wala msinung'unike kwamba nimewapunja, maana jambo hili limepimwa. Mwaka 2022 watafiti wa New York, Marekani, waliwapandisha kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya waridi kwenye njia yenye kifaa cha kupima nguvu. Njia ilipokuwa tambarare, ndege walitembea kwa miguu yao miwili. Ilipoinuliwa ikawa mwinuko mkali, waliinamisha kichwa, wakaishika kwa mdomo, wakajivuta, ndipo miguu ikafuata. Kifaa kikaonyesha kwamba mdomo haukuwa unashikilia tu ndege asianguke. Ulisukuma na kuvuta kwa nguvu inayolingana na ya mguu, na wakati mwingine kuizidi.

Sasa fanyeni jambo moja. Fungua kinywa chako. Kilichoshuka ni taya la chini, sivyo? Jaribu kuinua taya la juu peke yake, bila kuinua kichwa. Halisogei hata kidogo, kwa sababu limeungana na fuvu. Taya la juu la kasuku lina bawaba pale linapokutana na paji la uso, kwa hiyo linapanda na kushuka lenyewe. Ndege wengine nao huweza kulitikisa kidogo, lakini kasuku amewapita mbali. Ndani ya mdomo kuna mfupa wenye mishipa ya damu na ya fahamu, na juu ya mfupa kuna gamba gumu la aina ileile ya kitu kinachotengeneza kucha zako. Kama kucha, gamba hilo hukua maisha yote.

Mpe mbegu ya alizeti umtazame, usiwe na haraka. Ataipokea kwa ncha, kisha ulimi utaanza kazi. Ulimi wa kasuku ni mnene na wenye misuli. Unaigeuza mbegu hadi mshono wa ganda ukae panapotakiwa. Kwa ndani, ndoano ya taya la juu ina matuta membamba yanayoizuia mbegu isiteleze. Ukingo wa taya la chini unakuja kutoka chini, unakata, ganda linapasuka, ulimi unachomoa kiini na maganda yanaangukia nje ya tundu, kwenye sakafu ambayo wewe ndiye utakayeifagia. Aliyewahi kubangua korosho anajua ilivyo kazi kupasua ganda bila kuvunja kilichomo. Kasuku anaifanya bila kuona, kwani mbegu iko ndani ya mdomo. Anaongozwa na kugusa: ncha ya mdomo imejaa miisho ya mishipa ya fahamu.

Hapo ndipo wafugaji wengi hukosea. Ndege anashika kidole chako kwa mdomo kabla hajakanyaga mkono wako, nawe unapiga kelele kwamba anauma. Mara nyingi hajauma, anapima kama mkono huo umetulia. Ukiuondoa kwa ghafla, safari ijayo atashika kwa nguvu zaidi. Kuuma kwa kweli kupo, nisiwadanganye, na kunatoa damu, lakini kwa kawaida ndege hukuonya kwanza: anasimamisha manyoya, anakaza mwili, anajitenga.

Jioni, anapokaribia kulala, utasikia akisaga mdomo taratibu. Msishtuke, ni dalili ya ndege aliyetulia. Kwa kusaga na kutafuna huko mdomo unalika, usirefuke kupita kiasi. Ndiyo maana tundu lisilo na kitu cha kutafuna ni adhabu. Mwekee tawi la mpera lisilopigwa dawa, au ule mfupa wa dome, mweupe na mwepesi, unaookotwa ufukweni. Parachichi asipewe kabisa, ni sumu kwake. Mdomo ukirefuka licha ya hayo, huenda ini lina ugonjwa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, mkasi wa nyumbani uachwe palepale.

Na kusema je? Mdomo hausemi. Sauti inatoka chini kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika, na ulimi ndio unaoichonga.

Ukimpa karatasi jike la wale kasuku wenye uso wa waridi, ambao kwao ni Namibia na jirani zake, ataikata kwa mdomo vipande vyembamba virefu, kisha avichomeke kwenye manyoya ya kiunoni aende navyo kiotani. Jamaa yake, kasuku wa Fischer wa kaskazini mwa Tanzania, hubeba kwa mdomo, kimoja kimoja. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwazalisha pamoja. Watoto wao walihangaika: wanachomeka kipande, hawakiachii, kinachomoka, wanaanza upya. Iliwachukua miaka kuzoea kubeba kwa mdomo.

Lakini kasuku ninayempenda kuliko wote anaishi New Zealand. Ni kea, jina lake Bruce, aliyeokotwa mwaka 2013 akiwa mdogo, taya lote la juu halipo. Bila taya hilo ndege hawezi kuchambua manyoya yake. Bruce akaanza kuokota vijiwe. Anakibana kijiwe kati ya ulimi na taya la chini, kisha anakipitisha kwenye manyoya. Watafiti walipochapisha habari zake mwaka 2021, walikuwa wamehesabu: alipookota kijiwe, zaidi ya mara 90 katika kila 100 alikitumia kujichambua, na kikimdondoka, karibu kila mara alikifuata au akachukua kingine. Kea wengine waliokuwa naye huokota mawe pia, ila hakuna aliyeyatumia kwa manyoya. Wao wana mdomo mzima.