Besi la mtumba kutoka Japani: Piga hesabu kabla ya kuuza mpunga

Mpunga ukishavunwa na magunia yakishapata mnunuzi, katika vijiji vya tambarare ya kusini mwa Moshi kama Chekereni fedha huwa zipo na mipango huwa mingi. Wengine huezeka, wengine hununua pikipiki. Kwa kikundi cha vijana au kwaya, mpango unaweza kuwa vyombo vya muziki. Desemba Wachagga waishio mbali hurudi nyumbani, na harusi hufuatana na sherehe za ubarikio. Mwenye vyombo msimu huo hakosi mteja.

Bidhaa ya Japani si ngeni hapa. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, unaotumia maji ya Njoro na Rau, ulikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, na chuo cha KATC kimejengwa hapahapa Chekereni. Mkulima anayejua kukagua pawatila kuukuu ya Kubota kabla ya kutoa hela anaweza kujifunza kukagua gitaa la besi kwa macho yaleyale.

Kumiliki chombo ni biashara halisi. Tangu NUTA Jazz ianzishwe mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wengi wa dansi walipiga vyombo vya mwajiri; mtu akihama bendi aliondoka mikono mitupu. Mpigaji hodari asiye na chombo bado yupo, naye hukodi.

Jina la Japani kwenye magitaa lina uzito wake. Kiwanda cha FujiGen cha Matsumoto, kilichoanza mwaka 1960, kimetengeneza magitaa ya Ibanez, na kuanzia mwaka 1982 yale ya Fender Japan. Yamaha nao walitoa besi zao za BB miaka ya 1970. Lakini jina la kampuni halitoshi. Yamaha na Ibanez nyingi zimetengenezwa Indonesia, nazo si mbaya, ila hazistahili bei ya Japani. Mnunuzi atafute maandishi ya nchi nyuma ya kichwa cha gitaa au kwenye bati linaloshikilia shingo. Bati hufunguliwa kwa bisibisi na kuhamishwa, kwa hiyo lisiaminiwe peke yake.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye shingo. Besi la kawaida lina vijiti vya chuma, yaani freti, vinavyokata shingo na kumwekea mpigaji mipaka ya sauti. Lipo lingine lisilo na freti kabisa, shingo yake laini kama ya fidla. Ampeg wa Marekani walianza kuliuza mwaka 1966, Fender wakafuata mwaka 1970. Sauti yake huteleza na kuimba. Bakithi Kumalo wa Soweto aliisikilizisha dunia nzima katika albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986. Ni sauti nzuri, hakuna ubishi. Lakini kidole kikikosea kwa milimita chache, wimbo mzima umeharibika, na mpigaji wa kwaya aliyezoea freti hatalimudu kwa wiki moja ya mazoezi. Muuzaji akilishusha bei, asidhaniwe kuwa mkarimu: wanaolitaka ni wachache.

Tuchukue mfano, kila mmoja aweke bei za kwake. Gitaa shilingi 600,000, amplifaya na spika 700,000, transfoma, waya na nyuzi 200,000. Jumla 1,500,000. Likikodishwa kwa 40,000, nauli na mlinzi wa vyombo wakichukua 10,000, hubaki 30,000 kwa sherehe. Mtaji unarudi baada ya sherehe 50. Kwa sherehe 25 kwa mwaka, ni miaka miwili. Kama gitaa halina freti na wakodishaji wakabaki 8 kwa mwaka, ni zaidi ya miaka sita, kabla ya kuhesabu hata nyuzi mpya.

Transfoma imetajwa kwa sababu maalumu. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Amplifaya ya mtumba ya soko la Japani ikichomekwa moja kwa moja ukutani itaungua siku hiyohiyo. Gitaa lenyewe halichomekwi ukutani; aina nyingine hutumia betri ndogo ya volti 9 tu.

Ukaguzi wa gitaa huanza na kuangalia shingo kwa upande, kama mtu anavyokagua ubao wa kuezekea. Ikiwa imepinda kidogo, fundi huinyoosha kwa kukaza au kulegeza chuma kilicho ndani yake. Ikiwa imejisokota, liachwe hapo hapo. Besi nyingi zina uzi wenye urefu wa takriban sentimita 86, hivyo alama ya kumi na mbili iwe sentimita 43 kutoka mwanzo wa uzi. Lisilo na freti liangaliwe pia mikwaruzo ya nyuzi kwenye ubao, kwa sababu nyuzi za chuma zenye mizunguko humomonyoa mti taratibu. Ubao uliochimbika hubadilishwa, na hapo Moshi ina bahati: mpingo, mti ambao marehemu Sebastian Chuwa aliupanda na kuuhubiri hapa Kilimanjaro, ni mgumu wa kutosha kwa kazi hiyo, mradi upatikane kihalali.

Kuna wanaong'oa freti za gitaa la kawaida na kuliuza kama la kiwandani. Mifereji iliyozibwa kwa gundi huonekana ubavuni mwa shingo. Kwa mkodishaji hilo si hasara tupu, kwani mifereji hiyo humrahisishia fundi kurudisha freti. Gharama ya kazi hiyo iulizwe kwa fundi kwanza, kisha ikatwe kwenye bei ya muuzaji kabla gunia halijatoka ghalani.