Kura Zinapogawana Nusu kwa Nusu

Mwezi wa Januari 1961, raia wa Unguja na Pemba walipochagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria, chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, chama cha Hizbu 9, na chama kidogo cha Watu wa Unguja na Pemba, ZPPP, viti 3. Na katika jimbo la Chake Chake mshindi alimpita mwenziwe kwa kura moja tu. Macho yote yakawaelekea wale wajumbe watatu wa ZPPP, nao wakashindwa kuafikiana wao kwa wao: wawili, mmoja wao kiongozi wao Muhammad Shamte, wakaungana na Hizbu, na wa tatu akashika njia ya Afro-Shirazi, zikawa pande mbili za watu 11 kwa 11, wala haikuwezekana kuunda serikali ila ya muda.

Waingereza waliongeza kiti kimoja, wakaitisha uchaguzi mwingine mwezi wa Juni. Mara hii Afro-Shirazi na Hizbu walipata viti 10 kila mmoja, na ZPPP, iliyopata vitatu vyake vilevile, ikaingia yote upande wa Hizbu. Na kabla ya wino wa mapatano hayo kukauka fujo zilikwisha kuzuka, wakauawa watu 68. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ya muungano wa Hizbu na ZPPP, chini ya Shamte, ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Sisemi kwamba muungano ule ulivunja sheria, kwa maana sheria iliuruhusu. Nasema ulikuwa maafikiano ya upande mmoja, na nusu ya nchi haikuachiwa hata pembe ya kukaa.

Huku kwetu Mgori, katika Singida vijijini, jambo hili laweza kuonekana la mbali, kwani tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 Bunge la Muungano halijapata kukosa chama chenye wengi. Lakini Katiba yetu imekwisha kulitazamia: pasipokuwa na chama chenye wabunge walio wengi, Rais humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, yule aonekanaye kuungwa mkono na wabunge wengi zaidi, naye hashiki kazi mpaka Bunge lenyewe limthibitishe. Tena mtu wa Mgori anaijua maana ya kugawana madaraka bila ya kufundishwa na mwanasiasa. Katika miaka ya tisini, msitu wetu wa miyombo, wenye hekta zaidi ya 40,000, ulipokusudiwa kutwaliwa na dola, vijiji vitano vilikubali kuulinda vyenyewe, kila kimoja na sehemu yake, kamati yake na sheria zake ndogo. Na mipaka ilisemwa mapema, kabla mtu hajashikwa na shoka mkononi.

Kusemwa mapema ndiko kulikokosekana Zanzibar mwaka 1961, na ndiko kulikopatikana baadaye sana. Miafaka ya Zanzibar ya 1999 na 2001 ilitiwa saini na viongozi wa vyama ikaishia kwao. Novemba 2009, Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, na shauri lao likapelekwa kwa wananchi wenyewe, ambao tarehe 31 Julai 2010, kwa kura kama 66 katika kila 100, walikubali kwamba chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na kigawiwe mawaziri kwa kadiri ya viti vyake. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein alishinda urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif, tofauti ambayo zamani ingetosha kumwaga damu, na ulipoisha mkutano wa matokeo watu wakarudi majumbani kwao salama.

Hata hivyo sheria haiwezi kulinda kiti ikiwa uchaguzi wenyewe hauaminiki. Matokeo ya Oktoba 2015 yalifutwa, CUF, chama cha Maalim Seif wakati huo, ikasusia marudio ya Machi 2016, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia asilimia 10 ya kura inayotakiwa, nafasi ya Makamu wa Kwanza ilikaa tupu mpaka Desemba 2020, alipoishika tena Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi ambao chama chake kilikuwa kimeukataa. Wako waliomlaumu, mimi naona alifanya lililo gumu kuliko kususa. Alifariki Februari 2021, na mwezi uliofuata chama chake kikamtoa Othman Masoud Othman kushika mahali pake.