Sindano na mguu uliokatwa: kwenda pamoja si kusababisha



Nilikuwa kimya muda mrefu, ila simu moja kutoka Tanga imenirudisha. Shangazi yangu ana kisukari, huu mwaka wa kumi na tano. Daktari kamwambia vidonge havitoshi tena, aanze sindano za insulini. Kakataa katakata. "Mwanangu," ananiambia, "baba yako mdogo alianza hiyo sindano, mwaka haukwisha akakatwa mguu. Jirani naye kadungwa, macho yakaenda. Sasa wewe msomi nambie, mimi nimekosea wapi?"

Mimi kazi yangu ni kufundisha takwimu hapa Uingereza, na swali lake naliona zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani.

Kwanza, alichokiona hakukosea. Ukiwahesabu wagonjwa wa kisukari cha ukubwani, wanaojidunga insulini kwa kawaida utawakuta na vidonda vya miguu, maradhi ya figo na upofu zaidi kuliko wanaotumia vidonge tu. Mambo mawili yanakwenda pamoja: huo ndio uhusiano wa kitakwimu. Kosa liko hatua ya pili, kusema basi hili ndilo lililoleta lile.

Wazee walishatuambia: jogoo awike asiwike, kutakucha. Kila siku yeye hutangulia na jua hufuata, lakini mchinje leo uone kama kesho hakukuchi!

Mambo mawili yakiongozana, uliza maswali manne. Je, la kwanza linaleta la pili? Au ni kinyume, la pili ndilo linaloleta la kwanza? Au kuna la tatu lililojificha, linalozaa yote mawili? Au ni bahati tu, manake umehesabu watu wawili watatu wa mtaani?

Kwa shangazi, la tatu ni ukongwe wa ugonjwa. Kisukari cha ukubwani kwa kawaida huanza kutibiwa kwa chakula na vidonge. Insulini mara nyingi huja baadaye, kongosho likishachoka. Miaka yote hiyo sukari iliyopanda imekuwa ikila mishipa ya macho, figo na miguu. Kwa hiyo sindano na mguu uliokatwa ni watoto wa mama mmoja, wala mmoja hakumzaa mwenzake.

Mtu atasema: hayo maneno tu, ushahidi uko wapi? Ushahidi ni kura. Ukiwagawa wagonjwa kwa kura, walio hoi na walio na nafuu hutawanyika pande zote mbili takriban sawa, na lile la tatu hukosa pa kujificha. Uchunguzi wa UKPDS hapa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 1998, uliwagawa hivyo wagonjwa wapya 3,867. Waliodhibitiwa sukari kwa nguvu, kwa insulini au vidonge, walipata madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, pungufu kwa asilimia 25. Kisha uchunguzi wa ORIGIN, mwaka 2012, ukapima insulini yenyewe kwa watu 12,537 kwa miaka 6 hivi. Vifo na mishtuko ya moyo havikuzidi upande wa sindano. Kilichozidi ni sukari kushuka mno na uzito kuongezeka kidogo, nayo ni madhara ya kweli, lazima tuyaseme.

Ila tusiangukie upande wa pili. Wako wajuaji ambao kila wakiletewa takwimu hujibu "kwenda pamoja si kusababisha", wakadhani wamemaliza kesi. Makampuni ya sigara yalijikinga kwa hoja hiyo miaka mingi, na hata R. A. Fisher, gwiji wa takwimu aliyetufundisha hiyo kura, alidai huenda ni urithi tu. Hakuna aliyepigiwa kura avute. Lakini Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia 1951: aliyevuta zaidi alikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na aliyeacha hatari yake ikapungua. Lile la tatu la kueleza yote hayo halijapatikana mpaka leo.

Nilimweleza shangazi habari ya jogoo, na ya watoto wa mama mmoja. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo baba yako mdogo hakuuliwa na sindano. Alichelewa."

"Naam, shangazi. Nadhani alichelewa."

"Basi nitakwenda Jumatatu."

Wengi wenu mnapigiwa simu kama hizi. Nawaomba, kabla hamjamwambia mzee kuwa hajui, muulizeni kwanza ameona nini. Mara nyingi ameona sawasawa.

Wasalaam.