Kwale Aliyebaki Katika Jina la Mtaa

Jumapili moja asubuhi nilikuwa ukingoni mwa Bwawa la Nairobi, upande wa Kibera, nikimpiga picha yangeyange aliyesimama juu ya magugumaji. Mvulana wa umri wa shule ya msingi akanisogelea na kuniuliza, "Mzee, unapiga picha ya nini?"

"Ndege," nikamjibu.

Akainua macho kuelekea Uwanja wa Wilson, akasema, "Imeshapita."

Mwanafunzi wa sarufi amekwisha kung'amua. Ndege wangu alikuwa wa ngeli ya A-WA; yake ilikuwa ya I-ZI, yenye injini na abiria. Nilipomwonyesha picha alifurahi mno, ila jina alilokuwa nalo ni "ndege mweupe" tu. Nikamfundisha neno yangeyange. Alilirudia mara tatu, kisha akauliza, "Na yule mweusi anaitwa nani?" Tayari alikuwa amehamia A-WA.

Simlaumu mtoto huyo. Sisi walimu wake ndio tuliomnyima majina, hali mitaa yenyewe inayatangaza. Askari wa Kinubi walioanza kukaa pale mwaka 1904 walipaita Kibra, yaani msitu. Kawangware ninakoishi imetokana na neno la Kikuyu ngware, ndege ambaye Waswahili humwita kwale. Kufanana kwa maneno hayo si sadfa: Waganda husema enkwale, Wanyarwanda inkware. Ni neno moja la kale la Kibantu. Katika Kikuyu, k ikitanguliwa na king'ong'o hutamkwa ng, na pale wasemapo r, Kiswahili kina l.

Nyuma ya nyumba yangu nimewapiga picha chozi wakifyonza maua, mnana wakisuka viota, kwarara wakichokora udongo kutafuta wadudu, na mwewe akinyakua mabaki ya nyama jaani. Kwale sijapata kumwona hata mmoja. Yeye hutaga mayai chini, penye nyasi na vichaka. Nyasi zilipotoweka, naye alitoweka. Jina lake limebaki vinywani mwa makondakta wa matatu, wanaoliita tangu alfajiri bila kujua kwamba wanamwita ndege.

Hapa ndipo penye hasara. Ndege akiondoka na jina lake likasahauliwa, hatabaki mtu wa kusema kwamba kuna kilichopotea. Hata kamusi mara nyingi hutueleza kwa maneno machache tu: "aina ya ndege". Aina ipi?

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji kamera ya bei ghali. Simu ya mzazi yatosha, na penseli na daftari zatosha pia. Watoeni wanafunzi uani kwa nusu saa. Kila mmoja aandike alichokiona: rangi, mdomo, mlio, chakula. Kisha akamwulize bibi yake jina lake kwa Kinubi, Kiluo, Kiluhya au Kikamba, na darasa litafute la Kiswahili. Wakubwa wanaotaka kujifunza zaidi wanaweza kujiunga na matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971 na ambayo Nature Kenya huyaendeleza.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tuanze na majina ya wale wanaotua juu ya mabati yetu kila asubuhi.