«Réparation» si kutengeneza pikipiki: maneno ya fidia na namna ya kuyasema Kisangani

Kisangani, kila mtu anajua neno «réparation». Linaandikwa juu ya mbao kando ya barabara, pale wanapotengeneza telefoni, pikipiki na baiskeli za toleka. Lakini neno hilo linapita pia katika matangazo yenye kuhusu vita vya siku sita, na hapo lina maana ingine. Mtu aliyepoteza mtoto, mkono ao nyumba mwezi wa sita 2000 analisikia na anauliza: «Batatutengenezea nini? Nyumba?» Mwenye kusikiliza katika Lingala anauliza vilevile: «Bakobongisa nini?»

Ni swali la haki. Anayeelewa kwamba kuna watu watakuja kutengeneza nyumba atakaa kwake kuwangoja. Anayeelewa kwamba ni msaada hataona kama ana haki ya kuuliza kitu. Tafsiri mbaya inaweza kumfanya mtu akose kile kinachomhusu.

Maneno yametoka wapi

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kwa silaha nzito. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010, ile inayoitwa Mapping, inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na vyanzo mbalimbali, na waliojeruhiwa walipita 1000.

Mwaka mmoja mbele ya hapo, 1999, Congo ilikuwa imekwisha kuishitaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyo La Haye, Uholanzi. Mwaka 2005 mahakama ilisema Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 ilikata kiasi cha kulipa: dola milioni 325. Milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 ni kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 ni kwa utajiri wa asili uliochukuliwa, kama zahabu, almasi na mbao. Mashitaka ya Congo juu ya Rwanda hayakufika mbali: mwaka 2006 mahakama ilisema haina uwezo wa kuyasikiliza. Ndiyo maana pesa zinazozungumzwa leo ni za Uganda peke yake, hata kama mabomu yalitoka pande mbili.

Mahakama hiyo inafanya kazi katika Kifaransa na Kiingereza. Hukumu imefika Kisangani na maneno ya Kifaransa ya watu wa sheria, lakini nyumbani na sokoni watu wanasema Kiswahili na Lingala. Maneno magumu kidogo ni haya.

«Réparation» na «indemnisation»

Katika sheria, «réparation» ni kila kitu ambacho mkosaji anapaswa kufanya kusudi madhara aliyoleta yaondoke ao yapungue: kurudisha alichochukua, kulipa pesa, kutibu walioumia, kukiri kosa, kuahidi kwamba hatarudilia. «Indemnisation» ni sehemu moja tu ya hayo, ile ya pesa. Na Kisangani neno hilo nalo lina shida yake, kwa sababu ndugu yake «indemnité» linajulikana na wafanyakazi wa serikali kama pesa inayoongezwa juu ya mshahara.

Kiswahili cha vitabu kina neno zuri: fidia. Shida ni kwamba wengi hawalisemi katika mazungumzo ya kila siku. Wanasema kulipa. Lakini hapa ni lazima kuangalia mkia wa neno. «Kulipa» ni kutoa pesa. «Kulipia» ni kutoa pesa kwa ajili ya kitu fulani. «Kulipiza» ni kisasi. Mtangazaji akiteleza kidogo na kusema «Uganda italipizwa», msikilizaji anasikia habari ya vita vingine. Lingala nayo: «kofuta» ni kulipa, na «lifuti» inaweza kueleweka kama mshahara.

Njia iliyo salama ni kusema fidia, halafu kuieleza papo hapo: fidia, ni kusema pesa ambayo mwenye kosa analipa kwa sababu ya ubaya aliofanya. Hivyo msikilizaji anajua kwamba si zawadi, si msaada wa shirika, na si mkopo utakaorudishwa.

«Victime»

Magazeti ya Tanzania na Kenya yanaandika mwathirika ao mhanga. Lakini kwa masikio mengi mwathirika ni mtu mwenye ukimwi, kwani neno lilitumiwa sana katika mafundisho ya ugonjwa huo. Mjane aliyeitwa hivyo mbele ya majirani anaweza kukataa kuandikishwa. Kusema «mtu wa vita» ni vibaya zaidi, maana huyo ni askari. Afazali kusema urefu: mtu aliyeumizwa katika vita, ao aliyefiwa, ao aliyepoteza mali. Maneno ni mengi, lakini kila mmoja anajua kama anahusika ao hapana.

Karibu na neno hilo kuna «ayants droit». Wengine wanatafsiri «wenye haki», na kila mtu anajiona humo. Maana yake ni wale wanaosimama pahali pa marehemu: mjane, watoto, ao wazazi, kufuatana na sheria.

«Activités illicites»

Maneno haya yamo ndani ya jina la FRIVAO, mfuko ambao serikali ya Congo iliunda kwa ajili ya kugawa pesa za Uganda na ambao una makao Kisangani. Ukitafsiri neno kwa neno unapata «kazi zisizo halali», na mtu anafikiri ni magendo ya forodhani. Kumbe ndani yake kuna mauaji, ubakaji, kuwaingiza watoto jeshini, kuwafukuza watu makwao, kuchoma nyumba na kupora. Kwa Kiswahili chepesi: mabaya ambayo jeshi la Uganda lilifanya nchini.

«Preuve»

Ushahidi na ushuhuda ni maneno ya ukoo mmoja, ila matumizi yameyatenganisha. Ushuhuda ni wa kanisani: mtu anasimama na kueleza Mungu alimtendea nini. Ushahidi ni wa tribinali. Mtu akiambiwa «lete ushuhuda» anaweza kuja na maneno tu. Akiambiwa «lete preuve» anaweza kufikiri ni karatasi peke yake, na kama karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba, anakata tamaa na kubaki nyumbani. Kwa hiyo ni lazima tangazo litaje vitu vyenyewe vinavyokubaliwa: karatasi ya hospitali, cheti cha kifo, picha, ao majirani walioona.

Hata mahakama ya La Haye ilikutana na shida hiyo. Haikupata hesabu ya kweli ya waliokufa. Ilisema waliokufa ambao Uganda inapaswa kuwalipia katika eneo zima la kesi ni kati ya 10 000 na 15 000.

«Somme globale» na «tranche»

Kwa kuwa hesabu ya mtu kwa mtu haikuwezekana, mahakama ilitoa «somme globale», jumla moja kwa kila aina ya madhara. Tafsiri ya «pesa yote» inadanganya, kwa sababu mtu anachukua milioni 325 na kuanza kuigawa kwa kichwa. Mahakama haikuandika majina wala haikusema kila mtu atapata ngapi. Ililipisha nchi moja kwa nchi ingine. Kugawa ni kazi ya Congo yenyewe.

«Tranche» ndilo neno jepesi kuliko yote, maana wazazi wanalijua kwa sababu ya minerval: unalipa kipande hiki leo, kingine miezi ijayo. Uganda nayo ilipewa vipande 5, kila kimoja dola milioni 65, kimoja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa tisa 2022.

Tangazo linaweza kusemwa hivi

Tuseme karatasi inakuja na maneno haya: «Les victimes et leurs ayants droit sont invités à fournir les preuves en vue de l'indemnisation.» Mtu akiisoma haraka anatafsiri: «Wahanga na wenye haki wanaalikwa kutoa ushuhuda kwa ajili ya malipo.» Msikilizaji wa Mangobo ao Lubunga anaweza kusikia mwaliko wa karamu, sala na mshahara.

Kwa Kiswahili kinachosikika mjini, tangazo hilo ni hivi: «Wewe uliyeumizwa na vita vya Waganda, ao uliyefiwa, ao uliyepoteza mali: leta karatasi, picha ao majina ya walioona, kusudi jina lako liangaliwe kwa ajili ya fidia, ni kusema pesa ambayo Uganda inalipa kwa sababu ya ubaya uliofanywa. Kama uliyeumizwa alikufa, mjane ao watoto wake wanaweza kuja.»

Ni ndefu zaidi, na itakula sekunde nyingi zaidi hewani. Kisha ibaki kuongeza pahali pa kwenda, siku, saa, na kama kujiandikisha kunalipwa ao ni bure. Tangazo lisipotaja hayo, msikilizaji ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa franga yoyote kwa mtu yeyote.