Neno "Kiporo"

Neno tulilolichagua leo, wasikilizaji na wasomaji wetu, ni neno dogo la jikoni. Wali ukibaki usiku, mama huufunika kwa kawa, na asubuhi watoto huula kabla hawajaenda skuli. Hicho ndicho kiporo. Wengine hukiita mwiku, na wengine bariyo. Lakini kiporo si makombo. Makombo ni mabaki ya mlaji aliyekwisha nawa mikono. Kiporo kimewekwa kwa nia ya kurejewa.

Kutoka jikoni neno likaingia katika kazi. Shamba lililolimwa nusu huitwa kiporo, na siku hizi hata mchezo wa mpira ulioahirishwa. Walakini si kila kazi iliyokatika yastahili jina hilo. Itazameni ile nyumba kubwa ya Mizingani, mjini Unguja, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, akikusudia iwe hospitali ya masikini. Akafariki mwaka 1891, na jengo halijaisha. Lingaliweza kuwa gofu, nayo magofu hayakosekani kisiwani petu. Lakini mjane wake aliiendeleza kazi hata ikatimia mwaka 1894. Nyumba ilipouzwa mwaka 1900, mnunuzi akafungua zahanati chini, na jina la zahanati likadumu. Basi baada ya kifo cha mwenyewe jengo lile lilikuwa kiporo, kwa kuwa alikuwapo aliyelikumbuka.

Sarufi yetu nayo yaijua tofauti hii. "Hakumaliza" yafunga mlango. "Hajamaliza" yauacha wazi. Sisi walimu tulipaswa kulijua hilo mapema. Zamani tulipofundisha skuli moja ya shamba, kijana mmoja alirudi baada ya msimu wa karafuu, hesabu zake zimeishia katikati ya ukurasa. Tukaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Hakumaliza." Akasoma, akafunga daftari, na siku tatu hakuonekana.

Tukamwendea kwao. Akatuamkia kwa adabu, kisha akasema, "Nilidhani nimekwisha futwa, mwalimu."

Tukaliomba lile daftari, tukakata silabi moja, tukaandika nyingine juu yake.