Moshi wa Boila na Sheria Yake

Boila ni mtungi mkubwa wa chuma wa kuchemshia maji hadi yawe mvuke. Viwanda vya karatasi, nguo na sukari huutegemea mvuke huo. Moto wake huwashwa kwa makaa ya mawe, mafuta, kuni au gesi, na moshi hutokea kwenye dohani. Leo tutaeleza jinsi Marekani ilivyojaribu kuudhibiti moshi huo.

Moshi mweusi tunauona, lakini kuna sumu isiyoonekana. Makaa ya mawe yana zebaki. Yakichomwa, zebaki hupaa na baadaye hushuka majini. Huko vijidudu huigeuza, nayo huingia katika samaki. Mama mjamzito akila samaki hao kwa wingi, sumu humfikia mtoto tumboni na huweza kuudhuru ubongo wake, hata kama kiwanda kiko mbali.

Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo liliirekebisha Sheria ya Hewa Safi na kuorodhesha sumu 189 za hewani. Kiwanda chenye uwezo wa kutoa tani 10 za sumu moja kwa mwaka, au tani 25 za sumu mbalimbali, kilihesabiwa kuwa chanzo kikubwa.

Je, sumu zote hizo zitapimwaje? Zebaki ilipimwa peke yake, na vitu vichache vikafanywa mashahidi wa vingine. Vumbi laini likizidi, ni dalili ya madini kama risasi na aseniki. Kaboni monoksidi ikizidi, ni dalili kwamba moto hauunguzi vizuri.

Kanuni ya boila ilitolewa mwaka 2004, lakini mwaka 2007 mahakama iliifuta, kwani matanuri yaliyochoma taka yaliweza kuitwa boila na kukwepa masharti makali zaidi. Kanuni mpya ilitoka mwaka 2011, ikarekebishwa 2013. Boila kubwa za makaa ya mawe ziliwekewa viwango vya kutovuka. Nyingi zilizo ndogo, na zile za gesi, zilitakiwa kukaguliwa na kurekebishwa kila baada ya muda maalumu. Faida yake ni mbili: moto unaoungua vizuri hula kuni chache na hutoa sumu kidogo.

Tuhesabu basi: kutoka 1990 hadi 2013 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa sheria ilipopitishwa alikuwa mtu mzima tayari. Sheria isiyo na kipimo wala mkaguzi haisafishi hewa. Wenzetu mnaopenda kemia, kazi hiyo inawahitaji.